Koni uliyoigonga siyo mahali ulipokosea

Mtu akigonga koni kwenye autokrosi (mashindano ya kupita na gari, mmoja mmoja dhidi ya saa, njia iliyopangwa kwa koni) utamsikia tu, "ile ya mwisho ya slalomu ndo imeniponza," yaani ule mstari wa koni unazopita kwa kupinda huku na huku. Mi mwenyewe niliimba wimbo huo muda mrefu, mpaka siku nimefunga simu kwenye dashibodi nikajirekodi. Kumbe koni niliyoigonga ni ya tano ila nilikosea ya pili, hapo nilichelewa kukata usukani kidogo tu, nikatokea mbali na koni, ya tatu nikatokea mbali zaidi, ya nne nikawa nagombana na usukani, ya tano ndo ikaja kulipa deni la wenzake. Slalomu iko hivyo, ukichelewa koni moja unairithisha inayofuata na deni linakua. Pua ya gari ikifika kwenye koni inatakiwa iwe imeshaanza kugeukia upande wa pili, ukingoja uipite kwanza ndo ukate, umeshachelewa. Na ukiona umechelewa achia mafuta kidogo hapo hapo, usingoje ya nne.

Halafu kuna hii ya tairi kulia, watu wanaamini zikipiga kelele sana ndo unakimbia. Kelele kidogo sawa, ila zile kelele za kona ndefu, mikono imekunjana kwenye usukani na gari bado inaenda moja kwa moja, hapo tairi za mbele zimeshapita uwezo wake na unazisugua tu. Kinachotuponza ni kuzidi kukata usukani, maana ndo akili inachotuma, wakati dawa yake ni kinyume kabisa, unarudisha usukani kidogo na kupunguza mafuta ili tairi zishike tena. Inaumiza roho mara ya kwanza, unahisi unaenda kuparamia koni zote. Ila angalia usiachie mafuta yote kwa mshtuko katikati ya kona, uzito unahamia mbele ghafla, nyuma inakuwa nyepesi na mkia unakuzunguka.

"Koni moja si kitu." Weee! Kwa kanuni za SCCA, chama cha magari ya michezo kule Marekani, kila koni unayoigonga unaongezewa sekunde 2, na njia nyingi unazimaliza ndani ya dakika moja hivi, watu wanapishana kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, sa hizo 2 utazitoa wapi? Ukikosa geti (koni mbili unazotakiwa kupita katikati yake) ndo kabisa, raundi hiyo haihesabiki. Ila (hii wageni wengi hawaijui) koni ikisogea lakini bado imesimama na inagusa kile kisanduku kilichochorwa chini yake, huna adhabu. Na yule anayejisifu hajawahi kugonga hata moja mi huwa namtilia shaka, mara nyingi anapita mbali mbali, anajiongezea njia bure. Inayohesabika ni raundi yako bora, kwa hiyo koni ya raundi ya kwanza ukijua kwa nini umeigonga haina hasara.

Wengine wanaona kutembea njia kwa miguu ni mazoea tu, wanapiga stori na simu mkononi. Ile ndo nafasi pekee ya kuijua njia kabla ya saa kuanza kuhesabu! Mi huwa nachuchumaa kwenye kila geti nione kama nitakavyoona nikiwa kwenye siti, maana ukiwa umesimama kila kitu kiko wazi, ukikaa ni msitu wa koni.

Mwisho ni ile ya "gari yangu ndo tatizo." Tairi nzuri zinasaidia, na sana tu, siwezi kukataa, ila ukiwa bado mwanafunzi zinakufichia makosa. Ukitaka ukweli mpe gari yako mtu aliyekuzidi. Mi nilimpa mmoja, hajawahi kuikalia hata siku moja, raundi yake ya kwanza tu akanipiga kwa zaidi ya sekunde. Nikamwomba raundi ya pili nikae pembeni na helmeti yangu, nikitegemea atakuwa anaichana vibaya mno. Wapi! Breki alikanyaga mapema kuliko mimi, mikono imetulia, tairi hata hazilii sana. Na kwenye ile kona inayorudi nyuma, mi ninapoikodolea macho koni ya ndani nisiiguse, yeye kichwa kilikuwa kimeshageukia dirisha la pembeni, anatafuta geti linalofuata.