Hadithi ya mahali usipofika: dhana na ukweli

Dhana: Huwezi kuandika mahali ambapo hujatia mguu.

Jules Verne, mwandishi wa riwaya Mfaransa, aliandika. Riwaya yake *Cinq semaines en ballon* ("Wiki tano ndani ya puto", 1863) inaanzia safari Unguja, kisiwa ambacho hakuwahi kukiona. Alikaa Ufaransa akisoma taarifa za wasafiri, wakiwemo Richard Burton na John Speke, kisha akalirusha puto lake kutoka Unguja, likakatiza bara hadi Senegal. Ramani yake haikuwa mbaya kwa yale yaliyojulikana Ulaya wakati ule.

Dhana: Makosa yake yalitokana na kutofika.

Hapa sikubaliani kabisa. Puto linapofika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, wenyeji wanalidhania kuwa ni mwezi, na abiria wake ni watoto wa mwezi. Sasa fikiria. Kazeh ilikuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, njiani mwa misafara ya pembe. Walikuwamo watu waliofunga na kufungua kwa kuuona mwezi mwandamo, leo wababaishwe na mfuko wa hariri?

Verne alilishika jina Unyamwezi, "nchi ya mwezi" kama Burton alivyolifasiri, akalijengea tukio zima. Na Burton alifika Kazeh kwa miguu yake mwaka 1857! Kufika huko hakukumzuia kuwaandika Waafrika kwa dharau. Verne aliazima macho ya mwenzake, na kengeza lake pia. Hilo ndilo linaloniuma kila nikiisoma sura ile: walikosekana watu wa Kazeh wenyewe kwenye rundo la vitabu mezani pake.

Dhana: Siku hizi ramani na picha za intaneti zinatosha.

Zitakuonyesha barabara, usemi hazikupi. Mwandishi wa Dar akimpandisha mhusika wake matatu ya Nairobi, kisha akamshusha "kituoni", msomaji wa kule ameshashtuka. Kwake pale ni steji.

Dhana: Mwenyeji hakosei.

Hukosea, hasa akiandika mtaa wa pili asioujali.

Mimi rasimu yangu humpa mtu aliyelelewa huko. Simuulizi kama nimepatia, maana atanionea haya. Namuuliza: ni wapi umecheka ambapo sikukusudia?