Vidonda vya tumbo ulivyoambiwa unavyo, nani aliviona?

Hapa kitengoni kwetu, tunapopima tumbo kwa kamera, haipiti wiki bila kumpokea mtu ambaye ukimuuliza shida ni nini anajibu hapohapo, dokta mimi mgonjwa wa vidonda vya tumbo, miaka na miaka sasa. Ukimuuliza alipimwa wapi unakuta hajawahi kupimwa, alienda duka la dawa akaeleza tumbo linavyomuunguza, akapewa omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, akapata nafuu, basi tangu siku hiyo ana vidonda, kaacha maharage, kaacha pilipili, kaacha machungwa, na akisikia maumivu anarudi dukani. Wengine tukiingiza kamera tunakuta tumbo safi kabisa. Na wapo, wachache ila wapo, tunaowakuta na kansa ambayo ilikuwa inakua taratibu huku dawa ikituliza maumivu.

Ndo maana leo nataka tuongelee hiki kipimo cha endoskopi, wengi mnakiita kumeza mpira, na kwenye karatasi ya rufaa utakuta imeandikwa OGD.

Kuungua kwa chembe ya moyo, kujaa gesi, kichefuchefu, kushiba haraka, hizi dalili zinafanana kwa magonjwa mengi sana. Inaweza kuwa kidonda kweli, inaweza kuwa asidi inapanda kwenye umio (bomba la kupitisha chakula toka kooni mpaka tumboni), inaweza kuwa mawe kwenye mfuko wa nyongo (hayo hata kamera haiyaoni, yanataka ultrasaundi), na kwa mtu mzima mwenye presha au kisukari inaweza hata kuwa moyo wenyewe. Na kuna kundi kubwa tu la watu ambao tumbo linauma kweli, sio kwamba wanajifanya, ila hakuna kidonda popote, ni tumbo linafanya kazi vibaya na lina matibabu yake tofauti. Kwa kuuliza maswali peke yake daktari hata awe mzuri vipi hawezi kuwatenganisha wote hawa, lazima kuna watakaohitaji mtu aingie akaone.

Sasa kinachofanyika. Unakuja hujala kuanzia usiku, angalau masaa 6 mpaka 8, sio kwamba tunakutesa, chakula kikiwemo hatuoni kitu na pia unaweza kutapika kikaingia kwenye mapafu. Unapulizwa ganzi kooni, ni chungu kidogo, baada ya muda mfupi unahisi kama koo limevimba na mate hayashuki vizuri, usiogope hiyo ndo ganzi imeshika. Unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kiplastiki chenye tundu katikati ili usije ukaung'ata mpira, alafu mpira unapita. Unene wake ni karibu sentimita 1, una taa na kamera kwenye ncha, na unapita njia ya chakula, njia ya hewa iko wazi, kwa hiyo pumua tu na mate yaache yadondoke usihangaike kuyameza. Utasikia kutapika kavu pale unapovuka koo, hapo ndo pagumu, baada ya hapo ni kubeua tu maana tunajaza hewa ili tumbo lifunguke. Mara nyingi ndani ya dakika 10 hivi tumemaliza. Ukiona huwezi kabisa kuna sindano ya usingizi mwepesi, ila uje na ndugu, na siku hiyo huendeshi gari wala bodaboda.

Wa kwanza kabisa kuchungulia tumbo la mtu aliye hai alikuwa daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, mwaka 1868, tena kwa bomba la chuma lililonyooka, na mgonjwa wake alikuwa mtu wa maonyesho mwenye ujuzi wa kumeza panga! Mpira unaopinda ulikuja baadae sana, mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Marekani, aliumeza yeye mwenyewe kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Kwa hiyo nyie mnaolalamika mjue mmekuta kazi imerahisishwa.

Kwenye skrini tunaona umio, tumbo lote, na mwanzo wa utumbo mdogo. Kidonda kinaonekana wazi, sehemu imechimbika, katikati pameupe na pembeni pamekuwa pekundu. Tukiona kitu hatuishii kutazama, kuna tundu ndani ya mpira tunapitisha kikoleo chembamba tunanyofoa vinyama vidogo, hausikii maumivu. Kimoja tunakidumbukiza kwenye jeli ya njano, kama bakteria wa H. pailori, hawa wanaoleta vidonda vingi, wapo inageuka pinki, wakati mwingine mgonjwa bado anajifuta mate na rangi imeshabadilika. Vingine vinaenda patholojia, maabara ya kuangalia vinyama kwa darubini. Kidonda kilichoko ndani ya tumbo lenyewe hatukiamini kwa macho, maana kansa changa inaweza kuonekana kama kidonda cha kawaida kabisa, kwa hiyo tunachukua vinyama na mara nyingi tunakuita tena baada ya wiki 8 hivi kuangalia kama kimepona.

Hawa bakteria nao wana historia yao. Zamani iliaminika vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili, mpaka Robin Warren na Barry Marshall wa kule Perth, Australia, wakawaona kwenye vinyama vilivyotolewa kwa kamera hiihii. Watu wakawabishia, mwaka 1984 Marshall akawanywa hao bakteria, akaumwa, akapimwa kwa kamera tumbo likakutwa limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Ila angalizo, kile kipimo cha damu cha pailori kinachofanywa mitaani kinaweza kuendelea kusoma pozitivu muda mrefu baada ya kupona, watu wanakunywa dozi juu ya dozi kwa ajili ya karatasi tu. Kama hauhitaji kamera, omba kipimo cha choo. Na kwa vyote viwili, cha choo na cha kamera, omeprazo inatakiwa iachwe wiki 2 kabla na antibayotiki wiki 4, la sivyo bakteria wanajificha unaambiwa hauna kumbe unao. Kuacha huko kuwe kwa maelekezo ya daktari wako, na dawa za moyo au za kuzuia damu kuganda usithubutu kuziacha mwenyewe, tuambie tu kwamba unatumia. Chanzo kingine kikubwa cha vidonda ni diklofenaki na ndugu zake, dawa za maumivu hizi ambazo mtu mgongo ukiuma anameza kama karanga.

Nani asisubiri? Wa kwanza ni anayekwama chakula. Huku Afrika Mashariki tuna ukanda wenye kansa ya umio nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, na stori zao zinafanana mno, ugali ukaanza kukwama akawa anausukuma na maji, akahamia wali, akahamia uji, akaja kwetu hata maji hayapiti. Jamani njoo kwenye ugali! Kwenye maji mara nyingi kinachobaki ni kuweka stenti, kimpira cha kutanua njia angalau ale.

Wa pili ni anayetapika damu au choo kimekuwa cheusi kinanata na kunuka vibaya (kama unakunywa vidonge vya madini ya chuma choo kuwa cheusi ni kawaida, hiyo ni nyingine). Kutapika damu nyingi ni emajensi, usiku huohuo hospitali. Kwa wenzetu wa Kanda ya Ziwa mara nyingi sio vidonda kabisa, ni kichocho cha miaka mingi kilichoharibu mishipa ya ini, mishipa ya umio inavimba mpaka inapasuka, na kamera hapo inatibu palepale kwa kuifunga na viraba vidogo. Wengine ni wanaopungua uzito bila sababu, wenye upungufu wa damu usioeleweka, wanaotapika kila siku, na mtu wa umri mkubwa ambaye tumbo limeanza kumsumbua sasa hivi tu.

Upande wa chini kuna kolonoskopi, ya utumbo mpana. Damu kwenye choo kila mtu anasema bawasiri na aibu inamfunga mdomo, wakati inaweza kuwa uvimbe mdogo ambao tungeutoa siku hiyohiyo kabla haujageuka kansa. Shughuli yake nzito ni ile dawa ya kusafisha tumbo siku moja kabla, utashinda chooni, kunywa yote, nusu dozi maana yake kipimo kinarudiwa.

Kuhusu usafi naulizwa sana, mpira ulioingia kwa mwingine ndo uingie kwangu? Kila baada ya mgonjwa unasuguliwa ndani na nje kwa brashi alafu unalowekwa kwenye dawa maalumu inayoua vijidudu, ndo unatumika tena. Madhara kama kutoboka yapo ila ni nadra sana, tutakueleza kabla hujasaini fomu.

Ukimaliza utapewa ripoti, omba na nakala yako. Majibu ya vinyama yanachukua siku kadhaa mpaka wiki kadhaa inategemea na maabara, na hapa ndo tunapoteza watu, anaambiwa kamera haijaona kitu kikubwa anafurahi anaenda zake, simu aliyoandikisha haipatikani, na majibu yake yamekaa kwenye faili. Andikisha namba ya ndugu pia.