Jinsi seli za saratani zinavyohama: dhana potofu na ukweli wake

Wagonjwa wengi wanaofariki kwa saratani ya titi, utumbo mpana au tezi dume hawauawi na uvimbe wa kwanza. Huuawa na seli zilizotoka pale zikaenda kuota kwenye mifupa, ini, mapafu au ubongo. Safari hiyo huongozwa na ishara za kemikali, nyingi zikiwa zilezile ambazo mwili hutumia kuziba kidonda na kuita chembe nyeupe za damu penye maambukizi. Anayesahau hilo huielewa vibaya saratani, awe mgonjwa au mwanafunzi wa maabara.

Dhana: uvimbe ukijaa, seli husukumwa nje

Kukua na kuhama ni kazi mbili tofauti. Fibroidi za mfuko wa uzazi, uvimbe usio wa saratani, zinaweza kufikia kilo kadhaa bila kusambaa, ilhali melanoma (saratani ya ngozi) yenye unene wa milimita chache inaweza kuwa imeshafika kwenye tezi za limfu. Ili seli itoke, lazima itambae, na kutambaa kuna hatua zake.

Kwanza ishara, tuseme EGF (protini inayochochea ukuaji), hushika kipokezi chake kwenye utando wa seli. Upande unaopokea ishara nyingi zaidi ndio unaogeuka kuwa mbele: huko protini iitwayo Rac1 huwashwa, nayo kupitia kundi la protini liitwalo Arp2/3 huotesha matawi ya aktini, nyuzi za ndani ya seli, yanayousukuma utando. Kisha integrini, protini za utando zinazofanya kazi kama mikono, hushika kolajeni, nyuzi za tishu zilizo nje, na vimeng'enya FAK na Src hurekebisha mshiko huo ushike au uachie. Nyuma, protini RhoA kupitia kimeng'enya ROCK hukaza mayosini, protini inayovuta nyuzi za aktini, mkia ukavutwa. Mshiko ukiwa legevu mno seli haina pa kujivutia. Ukiwa mkali mno mkia haubanduki. Kwa hiyo seli hukimbia zaidi mshiko unapokuwa wa wastani, jambo linaloeleza kwa nini kuongeza integrini hakuongezi kasi kila mara. Seli inayotambaa hivi kwa kawaida huenda chini ya mikromita 1 kwa dakika, na yenyewe ina upana wa mikromita 10 hadi 20.

Ishara zenyewe mara nyingi hutolewa na seli zisizo za saratani. Katika uvimbe wa matiti wa panya, seli za saratani hutoa ishara CSF-1 inayovuta makrofeji, chembe za kinga zinazomeza uchafu. Makrofeji nazo hutoa EGF inayovuta seli za saratani. Ukiziba upande mmoja wa mzunguko huo, pande zote mbili husimama.

Dhana: kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha kupimwa) husambaza saratani

Hii ndiyo inayoumiza watu, kwa sababu mtu huogopa sindano, akakaa miezi, akarudi saratani ikiwa imeshasambaa yenyewe. Seli zinaweza kweli kubaki kwenye njia ya sindano, lakini ni nadra. Kwenye saratani ya ini, ambako jambo hili limefuatiliwa sana, uchambuzi uliokusanya tafiti kadhaa ulikuta takriban wagonjwa 3 kwa kila 100. Madaktari hupanga kwa kulizingatia: kwenye sarkoma (saratani ya mifupa, misuli na tishu kama hizo), njia ya sindano huwekwa mahali itakapokatwa pamoja na uvimbe, korodani inayoshukiwa huondolewa kupitia kinena, haichomwi kupitia mfuko wake. Bila kinyama, daktari hajui atibu nini.

Dhana: zuia vimeng'enya vinavyokata tishu, saratani itakwama

Dhana hii ilibebwa na wataalamu wenyewe, na ilikuwa na mantiki: seli hutumia vimeng'enya vya MMP kukata kolajeni iliyo njiani. Miaka ya 1990 dawa kadhaa za kuvizuia, marimastat ikiwemo, zilijaribiwa kwa wagonjwa. Kwa ujumla hazikurefusha maisha kama ilivyotumainiwa, na maumivu ya viungo na misuli yaliwalazimu wengine kuacha dozi. Sehemu ya sababu ni kwamba zilitolewa zaidi kwa watu ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa, na baadhi ya MMP zina kazi za kulinda mwili.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya seli yenyewe. Mwaka 2003 Katarina Wolf, Peter Friedl na wenzao walionyesha kwamba vimeng'enya vikizuiwa, seli za saratani zinaweza kuacha umbo refu, zikawa za duara na kupenya kwenye matundu ya kolajeni bila kukata kitu. Mwendo huu hutegemea RhoA na ROCK, na kwa kuwa Rac na Rho hukandamizana, kuziba njia moja huweza kuifungua nyingine. Kikomo ni kiini cha seli, kilicho kigumu kuliko sehemu nyingine: tundu likipungua chini ya takriban mikromita 7 za mraba, seli ya saratani isiyo na MMP hukwama.

Dhana: lazima seli ijitenge na wenzake

Ishara ya TGF-beta huweza kuwasha Snail na Twist, protini zinazoongoza jeni, E-kadherini inayounganisha seli ikapungua, na seli ikaondoka peke yake. Hutokea, lakini saratani nyingi za titi husambaa zikiwa bado na E-kadherini. Utafiti wa mwaka 2014 kwenye panya ulikuta kwamba vishada vya seli kwenye damu vilikuwa na uwezo wa kuotesha uvimbe mpya mara 23 hadi 50 zaidi kuliko seli mojamoja.

Dhana: damu ikishabeba seli, itaota popote

Karibu zote hufa. Zinazofanikiwa kuota hukadiriwa kuwa chini ya 0.01%. Mkondo wa damu ni muhimu, ndiyo maana saratani ya utumbo mpana huangukia ini kupitia mshipa unaotoka utumboni. Lakini mwaka 1889 Stephen Paget alipitia taarifa za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akaona mtawanyiko usioelezeka kwa damu pekee. Akasema mbegu huhitaji udongo wake. Mwaka 2001 sehemu ya udongo huo ilijulikana: seli za saratani ya titi hubeba kipokezi CXCR4, na kivutio chake CXCL12 hutolewa kwa wingi kwenye mapafu, ini, uboho na tezi za limfu.

Saratani ya titi iliyoota mfupani hubaki ya titi na hutibiwa hivyo. Inapowezekana, vipokezi vya homoni vipimwe upya, maana vinaweza kubadilika.

Dhana: mkwaruzo ukichelewa kujifunga, dawa imezuia kuhama

Katika jaribio hili la maabara la kupima mwendo wa seli, seli zikishajaa sahani hukwaruzwa kwa ncha ya pipeti ya mikrolita 200, huoshwa mara mbili kuondoa zilizoelea, huwekwa kwenye kimiminika chenye seramu (majimaji ya damu yanayolisha seli) ya 1% au pungufu, na hupigwa picha mahali palepale saa 0, 12 na 24. Tatizo ni kwamba pengo hufungwa pia na seli zinazogawanyika. Dawa ya mitomisini C huzuia mgawanyiko huo. Dawa inayoua seli nayo itaonekana inazuia mwendo, hivyo hesabu seli hai sambamba.

Pima tena kwa chumba chenye utando wa matundu ya mikromita 8, seli zikiwa juu na kivutio kikiwa chini. Kisha rudia ukiweka kivutio kwa kiasi kilekile juu na chini. Zikivuka kwa wingi uleule, kivutio kimezichangamsha tu, hakijazielekeza.