Antena nane hazileti intaneti: dhana potofu kuhusu modemu na ruta majumbani Bukavu

Kutoka Nguba hadi Panzi, kutoka Kadutu hadi Bagira, maneno ni yale yale: "Fundi, intaneti yangu haina nguvu, nitafutie ruta ya antena nyingi." Hata begi sijaliweka chini, mwenye nyumba ameshakata shauri. Ameiona dukani ile nyeusi yenye antena nane, na ameshaanza kuweka pesa pembeni. Nimechoka kuona watu wakilipia kifaa ambacho hakigusi tatizo lao, kwa hiyo naanza na hili, na nitakaa hapa kidogo.

Dhana: Ruta yenye antena nyingi huongeza kasi ya intaneti

Hapana. Modemu ndiyo inayopokea intaneti kutoka nje, iwe kwa kadi ya 4G, kwa faiba au kwa antena ya redio iliyo juu ya paa. Ruta inagawa kile kilichopokelewa. Modemu ikipokea megabiti 5 kwa sekunde, ruta ya dola 30 itagawa 5, na ya dola 150 itagawa 5 hizo hizo. Siku hizi vyote viwili hukaa ndani ya boksi moja na watu wanadhani ni kitu kimoja, lakini kazi zimebaki mbili, na kila moja ina magonjwa yake.

Zile alama za wifi kwenye simu zinaonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta, basi. Zinaweza kujaa zote wakati nje hakuna kinachoingia. Mama mmoja wa Muhumba aliniita akiwa na hakika kwamba ruta imezeeka: alama zimejaa, video inazunguka tu. Nilichomeka kebo kati ya kompyuta na boksi lake la 4G, nikapima. Kasi ikawa mbovu vile vile. Kipimo hicho peke yake kilitosha kuiondolea wifi lawama. Kisha nikafungua ukurasa wa boksi lenyewe (kwa mengi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1, namba iko kwenye kibandiko cha chini) nikatafuta RSRP, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika kwenye boksi. Ilisoma -113. Boksi lilikuwa juu ya kabati la sebule, nyuma yake ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta kilima. Tulilihamishia dirisha la chumba kinachotazama upande wa mnara, likasoma -89, na video ikatembea. Mama hakununua kitu.

RSRP ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa nzuri zaidi. Mimi nikiona -90 au nafuu zaidi naridhika. Kati ya -90 na -105 kazi inafanyika. Ikishuka chini ya -110, yaani -111, -112 na kuendelea, usinunue ruta: tafuta mahali pengine ndani ya nyumba, au weka antena ya nje inayotazama mnara, kama boksi lako lina tundu lake. Angalia pia SINR, kipimo cha usafi wa mawimbi. Ikiwa karibu na sifuri, mawimbi yanafika lakini yamejaa kelele, na wakati mwingine kuhama hatua mbili kunaleta tofauti. Mji wetu ni wa milima na mabonde. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja mgongoni mwa kilima na nyingine bondeni, hazipati mtandao sawa, hata ziwe na kifaa kimoja na mega za kampuni moja. Na ninyi mnaokaa karibu na mto Ruzizi, boksi lenu linaweza kushika mnara wa ng'ambo, Rwanda, pale mtandao wenu unapopotea. Ingieni kwenye mipangilio, mzime matumizi ya mitandao ya nje, mchague mtandao wenu kwa mkono.

Namba za kwenye katoni nazo zinadanganya macho. Ruta iliyoandikwa 1200 imejumlisha megabiti 300 za masafa ya gigahezi 2.4 na 867 za gigahezi 5, kisha jumla ikakuzwa kidogo. Simu yako inashika upande mmoja kwa wakati mmoja. Tena nyingi za bei ya chini zenye maandishi hayo zina matundu ya kebo ya megabiti 100 tu. Antena nyingi husaidia kutuma mikondo kadhaa ya data kwa pamoja, lakini simu nyingi zina uwezo wa mikondo miwili, pengine mmoja. Na hata ruta isikike hadi barabarani, ni lazima simu nayo ijibu, na nguvu ya simu haiongezeki kwa sababu umenunua ruta kubwa.

Mwenye faiba ya kasi na watu kumi nyumbani, huyo nitamwambia mimi mwenyewe anunue ruta nzuri. Mwenye 4G dhaifu, pesa zake ziende kwenye modemu na mahali pa kuiweka.

Dhana: Chaja yoyote inayoingia kwenye tundu inafaa

Hii inaua ruta nyingi kuliko uzee. Soma maandishi ya chini: volti lazima ziwe zile zile, 9 kwa 9, 12 kwa 12. Ampea za chaja zinaweza kuzidi, zisipungue. Chaja dhaifu ndiyo inayofanya boksi lizime na kuwaka kila watu wanapoanza kutazama video, halafu lawama zinaiendea kampuni.

Kwa sababu umeme unakatika, wengi huunganisha ruta ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri ya sola. Betri hiyo ikichajiwa jua la mchana hufika volti 14 na zaidi. Kuna ruta zinazovumilia, nyingine zinaungua. Weka kati yake kile kifaa kidogo cha kutuliza volti kibaki 12. Ni bei ndogo, na kwa nyumba yenye sola sikubali kufunga ruta bila hicho.

Dhana: Ruta ya pili unachomeka tu

Ukichomeka kebo tundu lolote kwa tundu lolote, unaweza kupata ruta mbili zinazogawa anwani ndani ya nyumba moja, pengine zote zikijiita 192.168.1.1. Simu inaunganishwa, intaneti haipo. Badilisha anwani ya ruta ya pili, zima ugawaji wake wa anwani (DHCP), kisha ipeleke kebo tundu la ndani (LAN) kwa tundu la ndani.

Nyumba za kwetu zinateremka na mlima, chumba cha juu na cha chini vimetenganishwa na zege. Vile virudisha mawimbi vinavyochomekwa ukutani hupokea na kutuma kwa redio ile ile, na kasi inashuka karibu nusu. Pitisha kebo, kaka. Kama ruta ina antena zinazogeuka, laza moja: iliyosimama wima hutawanya mawimbi kwa upande, si juu na chini.

Kwa haraka

Jina la wifi linaloishia 5G halimaanishi una mtandao wa kizazi cha tano. Ni gigahezi 5: ina kasi karibu na ruta, inachoka mapema kwenye kuta.

Kile kitundu cha ruta kinachobonyezwa kwa sindano si cha kuwasha upya. Kinafuta mipangilio yote, pamoja na ile kampuni iliyoweka kwenye faiba yako. Chomoa umeme, hesabu hadi thelathini, rudisha.

Modemu ambayo ndugu anataka kutuma kutoka Marekani inaweza isishike masafa ya huku, au imefungwa kwa kampuni ya kule. Omba picha ya kibandiko kabla hajailipia.

Na eti mwenye faiba haogopi radi. Kabare, hapa jirani, ilitajwa mwaka 2016 na wanasayansi waliochambua data za setelaiti kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kioo cha faiba hakipitishi umeme, ni kweli. Lakini kebo nyingi zinazovutwa kutoka kwenye nguzo zina waya wa chuma wa kuzibeba, na chaja ya boksi imo ukutani. Ngurumo zikianza, chomoa chaja. Mwenye antena juu ya paa achomoe pia kebo inayoshuka kutoka huko.