Mchoro wa kibotania si kila picha ya ua

Siku hizi huku Mtwara na Lindi, penye ua lolote lililopambwa hakosi mtu wa kuliita mchoro wa kibotania. Ua la kwenye kanga, mchoro wa kibotania. Picha ya simu iliyofifishwa rangi ili ionekane ya kale, mchoro wa kibotania. Kadi ya harusi yenye majani pembeni, vivyo hivyo. Neno hili lina kazi yake, na tukiligawa kwa kila kitu, kazi hiyo itabaki haina jina.

Maana yake ni fupi. Mchoro wa kibotania ni mchoro uliopimwa, unaoonyesha sehemu zote za mmea zinazotosha kuitambua spishi yake na kuitofautisha na jamaa zake. Si lazima uwe wa zamani, wala uwe na rangi. Mwingi umechorwa kwa wino mweusi mtupu.

"Botania" limetoka kwa Wayunani, botanē, majani ya malisho. Hilo halina ubishi. Tunalolipita mbio ni lile la kwanza, "mchoro", nalo ndilo lenye mengi. Kuchora si kazi ya kalamu peke yake. Kamusi za zamani zinaipa chora maana ya kukata nakshi kwenye ubao au jiwe, pamoja na maana ya kuandika umbo. Fundi wa milango ya Mikindani alichora, tena kwa patasi. Kuchonga ni kuondoa mpaka kitu kipate umbo. Kuchora ni kutia mistari yenye maana, iwe kwa ncha ya chuma au kwa wino.

Ndiyo maana neno letu linaikaa historia ya kazi hii vizuri ajabu. Michoro ya mimea iliyopigwa chapa Ulaya katika karne ya 16 ilikatwa kwenye mbao kwelikweli. Fundi aliacha mistari ikiwa imesimama, akaondoa mbao yote iliyo kati yake. Wino ukapakwa juu ya matuta hayo, karatasi ikagandamizwa. Mchongaji wa Kimakonde pale Newala angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa: kinachoonekana ni kile ambacho patasi haikukigusa. Patasi ikiteleza mara moja, mstari umekatika, na kila nakala itakayotoka itakuwa na pengo palepale.

Kitabu cha mimea cha Leonhart Fuchs, daktari wa Kijerumani, kilichochapwa Basel mwaka 1542, kilihitaji mafundi watatu. Albrecht Meyer alichora mimea ikiwa hai, Heinrich Füllmaurer akahamishia michoro kwenye ubao, Veit Rudolf Speckle akaukata. Sura zao wote watatu zimechapwa humo. Kwa Kiswahili, wa kwanza na wa tatu wote ni wachoraji, na lugha haijakosea.

Sasa tofauti inayosahaulika. Mwaka 1530, miaka 12 kabla ya Fuchs, Hans Weiditz alichora mimea ya kitabu cha Otto Brunfels kilichochapwa Strasbourg. Alichora alichokiona mezani: jani lililotoboka likabaki limetoboka, shina lililonyauka likainama. Ni kazi ya kuheshimiwa, na waliotangulia kwa kunakiliana vitabu hawakuifikia. Lakini ni picha ya mmea mmoja, siku moja. Watu wa Fuchs walifanya jambo jingine. Waliondoa matundu ya wadudu, wakanyoosha shina, wakaweka ua na tunda kwenye mmea mmoja hata kama havionekani pamoja shambani. Hawakuchora mmea huu au ule, walichora spishi. Mchoro wa kibotania kwa maana kamili umezaliwa hapo.

Haja yenyewe ilijulikana zamani. Plinio, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, alilalamika kwamba picha za mimea huharibika mikononi mwa wanaozinakili, na kwamba haitoshi kuuchora mmea katika umri mmoja ilhali unabadilika kwa majira yote manne. Njia ya Fuchs nayo ina hatari yake. Ukichora spishi kabla hujaijua, utaunganisha visivyo vyake. Katika kitabu hichohicho kuna mmea mmoja uliopewa maua ya rangi tofauti, na baadaye ikaonekana kwamba hizo zilikuwa spishi mbalimbali.

Chukua mkorosho, mti ambao kila mtoto wa Masasi anaujua. (Jina lake la kisayansi, Anacardium occidentale, alilolitoa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, ni la Kilatini. Si "jina la Kiingereza".) Hakuna picha ya simu itakayokupa mkorosho wote. Tawi la Agosti lina maua na vikorosho vichanga. La Novemba lina mabibo yaliyoiva. Simu ikikaza macho kwenye ua, majani ya nyuma yanakuwa ukungu, na hakuna kitufe cha kulipasua ua ili uone ndani. Mchoraji anaviweka vyote kwenye ukurasa mmoja, kila kimoja kwa kipimo chake.

Aanze na majani, na asipime moja. Apime kumi, kutoka miti mitatu, kwa rula na bikari, kisha achore jani la wastani. Majani ya mkorosho yanapishana kwenye tawi, hayaelekeani. Upana wake mkubwa uko karibu na ncha, na ncha yenyewe ni ya mviringo, mara nyingine ina mkato mdogo. Kosa linalorudiwa mno ni kulichongoa jani hilo kama la mwembe. Mwembe ni jamaa yake, ukoo mmoja, na kwa sababu hiyohiyo kosa hilo linaumiza: ncha ya jani ni moja ya alama zinazowatenganisha, na mchoraji ameifuta.

Ua linataka subira. Lina petali tano nyembamba zinazojikunja nyuma, na kwenye shada moja kuna maua ya kiume na maua yenye jinsia zote mbili. Yachorwe yote mawili. Apasue moja chini ya lenzi, ahesabu stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, aone ile moja iliyorefuka kupita wenzake. Kama ana sampuli iliyokaushwa tu, asiilazimishe kufunguka ikiwa kavu, petali zitavunjika kama majani ya chai. Aichemshe kwenye maji dakika chache mpaka ilegee, ndipo atumie sindano.

Kwa kawaida mchoro hufanywa mkubwa kuliko utakavyochapwa, mara moja na nusu au mara mbili, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ukipunguzwa nusu, mstari wa milimita 0.2 unabaki 0.1 na unaweza kupotea, na nukta za kivuli zilizosongamana zinageuka doa jeusi. Kipimo nacho kisiandikwe "mara mbili" tu. Picha ikipunguzwa na mchapaji, maneno hayo yanakuwa uongo. Uchorwe mstari mfupi wa sentimita moja kando ya kila sehemu. Mstari huo utapungua pamoja na mchoro na hautadanganya kamwe.

Kisha jina la sampuli. Mchoro wa kibotania unasema umechorwa kutoka mmea gani, umekusanywa na nani, wapi, kwa namba ipi. Fungua vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki vilivyotoka kwa sehemu kati ya 1952 na 2012: chini ya michoro kuna namba hizo, na mimea ya Lindi na Mtwara imewekwa katika T8, moja ya maeneo ambayo vitabu hivyo vimeigawa Tanzania. Thamani yake inaonekana hasa jambo baya linapotokea. H. J. Schlieben alikusanya mimea mingi katika miaka ya 1930, ikiwemo ya Rutamba, magharibi ya mji wa Lindi, na sehemu yake ilihifadhiwa Berlin. Usiku wa 1 Machi 1943 hebaria ya Berlin, yaani hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa, ilipigwa bomu ikaungua. Penye nakala katika hebaria nyingine, mmea bado upo. Penye mchoro wenye namba, angalau tunajua kilichoungua kilikuwaje. Picha nzuri isiyo na namba haimsaidii mtu yeyote hapo. Hata hivyo mchoro haukai mahali pa mmea: tangu 1 Januari 2007, jina jipya la spishi ya mmea sharti lifungwe kwenye sampuli halisi, si kwenye mchoro.

Kwa hiyo ua la kanga liitwe nakshi ya maua, nalo ni jina lenye heshima kamili. Picha ya simu iitwe picha. Na kwa wanaochora mkorosho kwenye kuta za shule na vipeperushi vya kilimo, kuna marekebisho mawili madogo. Korosho inaning'inia chini ya bibo, haikai juu kati ya bibo na tawi. Tena hukua kwanza yenyewe mpaka ukubwa wake, kikonyo kikiwa bado chembamba, ndipo kikonyo hicho kinavimba na kuwa bibo. Sokoni bibo ni tunda na hakuna haja ya kumkosoa muuzaji. Chini ya mchoro wenye vipimo, mshale wa "tunda" uelekee kwenye korosho pamoja na ganda lake, wa "mbegu" upenye hadi kwenye kiini, na wa "kikonyo" ndio uguse bibo.