Waya wa betri ya moyo hauwekwi popote tu

Huku Mtwara, mzee akirudi kutoka Dar es Salaam na betri ya moyo, yaani kifaa kidogo kinachoupa moyo umeme kupitia waya ili upige sawasawa, barazani utasikia: "Wamempasua moyo, wakachomeka waya walipopaona." Si kweli, na maneno hayo yanawatisha wengine wasiende kutibiwa.

Kwa kawaida betri hukaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, ukipapasa unaihisi. Waya hupitishwa ndani ya mshipa hadi upande wa kulia wa moyo, daktari akiufuata kwenye skrini ya eksirei. Kifua hakifunguliwi.

Na pa kuuweka panachaguliwa hasa. Kwa miaka mingi ncha yake iliwekwa sehemu ya chini kabisa ya ventrikali ya kulia (chumba cha chini cha moyo upande wa kulia), kwa kuwa ni rahisi kufika na waya hushika vizuri. Tatizo ni kwamba umeme ukianzia pale hupenya msuli polepole, nje ya njia yake ya asili. Upande wa kulia hutangulia kujikaza na wa kushoto huchelewa, mithili ya wavuvi wa Mikindani wanaovuta juya bila kwenda pamoja. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wanaoitegemea betri muda mwingi, moyo hudhoofika miaka ikipita. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi huupeleka kwenye ukuta unaotenganisha ventrikali mbili, zinakopita njia za umeme za moyo wenyewe.

Mwenye waya wa chini asihofu; wengi wanaishi nao vizuri. Asikose kliniki tu, na miguu ikivimba au pumzi ikikata, aseme mapema: waya mwingine unaweza kuongezwa.