Drafti ya upanuzi: namna ligi inavyozaa timu mpya

Ukisikia "dirisha la usajili limefunguliwa", unajua kinachofuata ni fedha. Klabu inamtaka mchezaji, klabu yake inataja bei, na mashabiki wanakesha wakisubiri picha ya mtu aliyeshika jezi mpya. Ligi ya hoki ya barafu ya wanawake ya Marekani na Kanada, PWHL, haiendi hivyo. Timu zote ziko chini ya mmiliki mmoja, kundi linaloongozwa na Mark Walter, yuleyule wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers. Hakuna timu inayoilipa nyingine ada ya uhamisho. Kwa hiyo mtu wa soka akifungua habari za ligi hii mwezi Juni anakuta maneno mageni: fulani "amelindwa", fulani "hakulindwa", fulani kachukuliwa kwenye "drafti ya upanuzi". Hili la mwisho ndilo linalobeba yale mengine.

Drafti hapa si ule mchezo wa kete wa vibarazani. Ni kuchagua wachezaji kwa zamu. Timu hii inataja jina, inayofuata inataja lake, na aliyekwisha kutajwa ameondoka kwenye orodha. Ligi ina drafti ya kila mwaka kwa ajili ya wachezaji wapya, wengi wao wakitoka vyuo vikuu. Drafti ya upanuzi ni kitu kingine. Inafanyika pale tu ligi inapoongeza timu, na wanaochaguliwa ni wachezaji walio tayari kwenye timu nyingine. Timu mpya haianzi na watoto watupu. Inamegewa kutoka kwa wakubwa zake.

PWHL ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 1 Januari 2024, mjini Toronto, ambapo New York iliwafunga wenyeji 4-0. Timu zilikuwa sita: Boston, Minnesota, Montréal, New York, Ottawa na Toronto. Mwaka uliofuata ligi ilipeleka baadhi ya mechi kwenye miji isiyo na timu, kuona watu watajitokeza vipi. Januari 2025 walikuja 12,608 Seattle, na siku tatu baadaye 19,038 Vancouver. Majibu yalikuwa yamepatikana. Mwezi Aprili ligi ikatangaza kwamba Vancouver na Seattle zitakuwa timu ya saba na ya nane.

Sasa unazijazaje timu mbili zisizo na mchezaji hata mmoja?

Kwanza, kila moja ya timu sita iliruhusiwa kulinda wachezaji watatu. Aliyelindwa hagusiki. Wengine wote, hata nahodha, hata mfungaji bora, walikuwa wazi. Kuanzia tarehe 4 hadi 8 Juni, Vancouver na Seattle zilipewa nafasi ya kuzungumza na wachezaji hao wasiolindwa na kusajili hadi watano kila moja. Hapo mchezaji alikuwa na sauti, kwa kuwa angeweza kukubali au kukataa. Tarehe 9 Juni ikafika drafti yenyewe, timu hizo mbili zikachagua kwa zamu hadi kila moja ikafikisha wachezaji kumi na wawili. Siku hiyo mchezaji haulizwi. Jina likitajwa, ndio hivyo.

Hesabu yake imepangwa vizuri. Timu mbili mara wachezaji kumi na wawili ni ishirini na wanne. Timu sita zikipoteza wanne kila moja, ni ishirini na wanne vilevile. Hakuna anayeumia kuliko mwenzake, angalau kwa idadi. Tena timu iliyokwisha kupoteza wawili iliruhusiwa kumlinda mtu wa nne, ili isije ikakamuliwa wote wazuri kwa mkupuo.

Lakini wanne ni wengi. Ligi ya wanaume ya NHL ilipoiingiza Vegas mwaka 2017, kila timu kati ya thelathini zilizokuwepo ilipoteza mchezaji mmoja tu. Kwenye PWHL kikosi ni cha wachezaji 23, na kuondoa wanne ni kuondoa zaidi ya mmoja kati ya kila sita. Ndiyo maana nasema hiki hakikuwa kipindi cha kawaida cha mapumziko ya msimu. Ligi nzima ilichanwa na kushonwa upya ndani ya wiki moja.

Mahali pa kuliona jambo hili kwa karibu ni Boston. Nahodha wao alikuwa Hilary Knight, mchezaji ambaye jina lake limebeba hoki ya wanawake ya Marekani kwa miaka mingi, aliyecheza Olimpiki nne kufikia wakati huo. Na hakuwa amechoka: msimu wa 2024-25 alimaliza akiwa kileleni mwa ligi kwa pointi (mabao pamoja na pasi za mabao), 29, sawa na Sarah Fillier wa New York. Orodha ya ulinzi ilipotoka, Boston ilikuwa imewalinda golikipa Aerin Frankel, beki Megan Keller na mshambuliaji Alina Müller. Knight hakuwemo.

Ukiitazama orodha ile kwa jicho la mwajiri unaielewa. Watatu wale wote walikuwa chini ya miaka 30. Knight alikuwa anakaribia 36. Nafasi zikiwa tatu, unalinda miaka ijayo. Ukiitazama kwa jicho la shabiki aliyenunua jezi yenye jina lake, inauma, na mimi niko upande wa huyo shabiki. Seattle ilimsajili ndani ya zile siku tano. Meneja mkuu wa Seattle, Meghan Turner, alikuwa ametoka kuwa naibu meneja mkuu Boston, kwa hiyo alijua kabisa anamchukua nani. Drafti ilipofika, Seattle ikarudi Boston na kumtaja Hannah Bilka.

Minnesota nao walilipa. Tarehe 26 Mei walitwaa Kombe la Walter, kombe la ubingwa wa ligi, kwa mara ya pili mfululizo, baada ya kuifunga Ottawa katika fainali ambayo mechi zote nne ziliamuliwa muda wa nyongeza, kila moja 2-1. Kwenye safu yao ya nyuma walikuwepo Sophie Jaques na Claire Thompson, mabeki wanaofunga na kutengeneza mabao kama washambuliaji. Wiki mbili hazijapita, wote wawili wakawa wa Vancouver. Bingwa mwenye mabeki wazuri wengi hana pa kuwaficha, kwa kuwa kanuni ya kulinda watatu haimhesabii kombe.

Watu huuliza kwa nini wachezaji wanakubali utaratibu unaoweza kuwahamisha mji kwa kutajwa jina tu, wakati wengine wana nyumba, wenza na watoto shuleni. Jibu linaanzia mwaka 2023. Kabla ya PWHL kulikuwa na ligi iliyoitwa PHF. Mwishoni mwa Juni mwaka huo ilinunuliwa ili kupisha ligi mpya, na mikataba ya wachezaji wake ikafutwa. Wengine walikuwa wameshasaini kwa msimu uliofuata. Baada ya kuishi hilo, mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji, unaodumu hadi 2031, si karatasi tu. Uliweka mshahara wa chini wa dola 35,000 kwa msimu wa kwanza, ukipanda asilimia 3 kila mwaka, na kuitaka kila timu iwe na angalau wachezaji sita wenye mikataba ya miaka mitatu isiyopungua dola 80,000 kwa mwaka. Na timu mbili mpya ni nafasi 46 za kazi ambazo hazikuwepo. Sioni kwamba hilo linafuta uchungu wa kuhamishwa, ila linaeleza kwa nini chama hakikuupinga upanuzi wenyewe.

Njia nyingine mbili za kubadili kikosi zinapita haraka. Mchezaji ambaye mkataba wake umeisha anakuwa huru, kama kwetu. Halafu kuna kubadilishana: timu inatoa mchezaji na kupokea mchezaji, au inapokea zamu ya kuchagua kwenye drafti. Juni hiyohiyo ya 2025 New York ilimpeleka Ella Shelton kwenda Toronto, nayo ikapewa zamu ya tatu ya drafti ya wachezaji wapya, ambayo iliitumia kumchukua Casey O'Brien. Shelton ndiye aliyefunga bao la kwanza kabisa la ligi hii, kwenye ile mechi ya 1 Januari 2024, dhidi ya Toronto.

Zamu zenyewe za drafti ya kila mwaka hupangwa kwa namna ninayoipenda. Ligi nyingi za Marekani humpa aliyeshika mkia nafasi nzuri, na matokeo yake timu mbovu huona faida ya kufungwa mwishoni mwa msimu. PWHL huhesabu pointi ambazo timu inazipata baada ya kuwa imeshatolewa kwenye mbio za mtoano. Mwenye nyingi ndiye anayechagua wa kwanza. Kwa hiyo timu isiyo na tumaini tena bado inacheza kwa nguvu zote. Mwaka 2025 zamu hiyo ya kwanza ilikuwa ya New York, wakamchagua Kristýna Kaltounková kutoka Jamhuri ya Czech.

Vikosi vilivyomegwa mwezi Juni vilikutana barafuni tarehe 21 Novemba 2025, ndani ya Pacific Coliseum mjini Vancouver. Upande mmoja walikuwa Goldeneyes ya Vancouver, wenye Sarah Nurse aliyetoka Toronto pamoja na mabeki wawili wa zamani wa Minnesota. Upande wa pili Torrent ya Seattle, na Hilary Knight ndani yake. Dakika sitini zikaisha 3-3. Vancouver wakashinda kwenye muda wa nyongeza.